Picha ya Mwanza ya zamani isipewe mwaka wa kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Picha za Mwanza ya zamani zimejaa siku hizi: zimo magazetini, zimo kwenye kalenda za mwaka mpya, zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Igoma hadi Nyegezi. Ni jambo jema. Ubaya uko kwenye maneno yanayoandikwa chini yake. Picha ya treni ikiwa stesheni inaandikwa "Mwanza, 1915", na wasomaji wanaimeza hivyo hivyo. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo mzigo wa ng'ambo ulishuka Mombasa, ukapanda reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, kisha ukavuka ziwa kwa meli. Aliyeandika 1915 pengine hakukusudia kudanganya. Aliona karatasi ya kahawia akadhani lazima ni zama za Mjerumani. Lakini ukahawia hauhesabu miaka. Picha ya mwaka 1955 iliyotundikwa sebuleni ikapigwa na jua la dirishani huonekana kongwe kuliko ya mwaka 1930 iliyolala sandukuni.

Tunachoomba ni kimoja: picha isipewe mwaka mmoja pale ambapo ushahidi unatoa kipindi tu. "Kati ya 1928 na 1961" ni jibu lenye heshima zake. Na kulipata hakuhitaji mtaalamu wa kuagizwa. Kunahitaji miguu, macho, ramani ya zamani na wazee wa mtaa, kwa mpangilio huo.

Tuanze na miguu. Mwanza imejaliwa mawe yasiyohama. Nyumba hubomolewa, barabara hupanuliwa, mwembe hukatwa, lakini jabali la ukubwa wa nyumba lina umbo lilelile walilolikuta Wajerumani walipoweka kituo chao hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe picha ni ya mwaka gani, bali mpiga picha alisimama wapi. Tafuta kwenye picha jozi mbili za vitu. Kila jozi iwe na kitu cha karibu na kitu cha mbali vinavyoonekana kugusana, mathalani ukingo wa jiwe la mbele na kilele cha kilima kilicho nyuma yake. Jozi moja iwe upande wa kushoto wa picha, ya pili upande wa kulia. Nenda eneo lenyewe ukiwa na nakala ya karatasi, si picha ndani ya simu, maana simu unaihitaji kwa kazi nyingine na kioo chake hakisomeki juani. Jozi ya kwanza ikikaa sawa, ujue uko kwenye mstari sahihi ila hujui uko wapi juu ya mstari huo. Sogea mbele au nyuma bila kuutoka, mpaka jozi ya pili nayo ikae. Hapo ndipo kamera iliposimama. Ukienda kushoto, kitu cha karibu huonekana kuhamia kulia mbele ya kile cha mbali. Asiyejua hilo huzunguka asubuhi nzima.

Watu wengi wakifika hapo huharibu. Wanainua simu, wanaona vilima vimekuwa vidogo kuliko kwenye picha ya zamani, basi wanavisogelea. Wamekosea. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana mno na kamera nyingi za zamani hazikuwa hivyo. Baki palepale, vuta kwa zumu mara mbili hivi, kisha linganisha. Mahali pa kusimama ndipo panapoamua jinsi vitu vinavyopishana. Lenzi inaamua tu kipande gani kiingie.

Urefu pia husomeka. Ikiwa mstari wa maji wa ng'ambo umepita juu ya kichwa cha jiwe la mbele, basi kamera ilikuwa juu kuliko jiwe hilo, na kama leo mahali penyewe ni tambarare, tafuta roshani, ngazi au sitaha ya meli. Picha nyingi za bandari zilipigwa kutoka melini, na mtu anaweza kuhangaika nchi kavu siku mbili akitafuta sehemu ambayo iko majini.

Hata mawe yenyewe yana kasoro yake. Wapasua kokoto wanayachoma moto, wanayapasua na kuyauza kwa ndoo, na kilima kinapungua mwaka hadi mwaka. Kabla ya kulitegemea jiwe lolote la mlimani, uliza majirani kama limeguswa. Mawe ya majini ni salama zaidi, na la kwanza ni Jiwe la Bismarck lililo karibu na kivuko cha Kamanga, ambalo limepigwa picha nyingi kuliko kiongozi yeyote aliyewahi kufika mji huu.

Jiwe hilo linatusaidia pia kugundua picha zilizogeuzwa. Hasi za kioo na slaidi zilipowekwa kinyume, kushoto kulihamia kulia, na picha hizo zimechapishwa hivyo mara nyingi tu. Jiwe la Bismarck halina ulinganifu, kwa hiyo likigeuzwa hujulikana mara moja kwa mtu aliyelizoea. Pasipokuwa na jiwe la kujulikana, tazama maandishi ya mabango, au vifungo vya koti la mwanamume: upande wa kushoto wa koti hufunika wa kulia. Ukiona kinyume kwa wanaume wote watano waliosimama mstarini, geuza picha.

Sasa maji. Hapa ndipo penye utajiri ambao hatujaona ukitumiwa ipasavyo. Kuanzia mwishoni mwa 1961 hadi katikati ya 1964, baada ya mvua kubwa za mwaka wa Uhuru, Ziwa Victoria lilipanda kwa takriban mita 2 na nusu. Kwa muda mrefu baadaye halikurudi lilikokuwa katika miaka ya 1950. Maana yake ni kwamba picha nyingi za ufukweni zinagawanyika makundi mawili: zile ambazo vitako vya mawe viko wazi, na zile ambazo vimezama. Chukua picha yenye Jiwe la Bismarck au jiwe lolote la majini, tafuta ufa au bega la jiwe unaloliona pia leo, kisha kadiria umbali kutoka hapo hadi usawa wa maji. Mtu aliyesimama juu ya jiwe ndiye rula yako. Mpe mita 1.7. Mtumbwi haufai kwa kipimo hiki kwa sababu huelea popote, karibu na kamera au mbali nayo.

Tahadhari ziko tatu. Ziwa hupanda na kushuka kila mwaka kwa kadiri ya nusu mita kwa kufuata mvua, na kwa kawaida hujaa zaidi kuelekea Mei na Juni. Kwa hiyo tofauti ndogo ya hapo isikuambie kitu. Pili, mwaka 2006 ziwa lilishuka sana, likafika viwango vya kabla ya 1961, hivyo picha yenye maji machache inaweza kuwa ya juzi tu. Bahati nzuri hizo ni za rangi na nyingi zilipigwa kwa kamera za dijitali. Tatu, mwaka 2020 maji yalirudi kwenye kilele cha 1964. Ukienda kupima leo, usidhani usawa wa leo ndio usawa wa siku zote. Andika tarehe uliyopima.

Baada ya mawe na maji ndipo vije vitu vilivyotengenezwa na watu, na kanuni yake ni nyepesi: kitu kipya kuliko vyote kwenye picha ndicho kinachoweka mpaka wa chini. Mabehewa yanasema wazi kabisa. Herufi EAR&H si kabla ya 1948, kwa kuwa ndipo reli ya Tanganyika ilipounganishwa na ya Kenya na Uganda; herufi TRC si kabla ya 1977, jumuiya ya wakati huo ilipovunjika na kila nchi kuchukua reli yake. Meli ya Victoria ni ya 1961. Feri za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru, zilianza katikati ya miaka ya 1960. MV Bukoba ilijengwa mwaka 1979 ikazama tarehe 21 Mei 1996, kwa hiyo picha yake ikielea ina mipaka pande zote mbili, jambo la nadra. Bendera ya Tanganyika, yenye kijani, nyeusi na dhahabu iliyolala, ilipepea kutoka Desemba 1961 hadi 1964 tu. Bango la TANU ni kati ya 1954 na 1977. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 na inaonekana kutoka karibu kila upande wa mji, hivyo kilima cha Bugando ni mahali pa kwanza pa kutazama kwenye picha yoyote ya mandhari. Magugu maji hayakuwapo ziwani kabla ya mwisho wa miaka ya 1980. Picha yenye zulia lake la kijani ufukweni haiwezi kuitwa "miaka ya sabini" hata kama mavazi yanashawishi. Sangara waliojaa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, nao ni dalili ya miaka ya 1980 na kuendelea. Samaki huyo alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, lakini ilichukua muda kabla hajawatafuna samaki wadogo waitwao furu na kuenea kila mahali.

Mpaka wa juu ni mgumu zaidi, na hapa watu huteleza. Kutoonekana kwa kitu si ushahidi mpaka uhakikishe kwamba mahali pake pamo ndani ya picha. Mtu anasema "hakuna hospitali, basi ni kabla ya 1971", kumbe kamera ilielekea Kirumba. Ndiyo maana tulianza na miguu: ukishajua kamera ilisimama wapi na kuelekea wapi, unaweza kuchora pembe yake kwenye ramani na kuona nini kilipaswa kuonekana.

Karatasi yenyewe tuipite haraka. Kingo zilizokatwa kama meno ni za kuanzia miaka ya 1930 hadi 1960. Pembe za mviringo kwenye picha za rangi zilishamiri miaka ya 1970. Namba za rangi ya chungwa kwenye kona ni kamera za miaka ya 1980 na 1990, na mara nyingi mwenyewe hakuwa ameirekebisha saa. Mwezi na mwaka uliochapwa kwenye ukingo mweupe ni wa studio kusafisha picha, si wa kupiga. Filamu ilikaa ndani ya kamera hata mwaka mzima kusubiri harusi nyingine. Na kumbuka kwamba karatasi inatoa umri wa nakala. Picha ya picha ni biashara ya zamani sana kwenye studio zetu.

Ramani sasa. Kwa Kanda ya Ziwa kuna aina mbili zenye faida kubwa. Ya kwanza ni ramani ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ya kipimo cha 1 kwa 300,000, iliyotolewa Berlin kuanzia miaka ya 1890, ikaanzishwa na mchora ramani Kiepert na kuendelezwa na Sprigade na Moisel. Sentimita 1 ni kilometa 3. Ya pili ni karatasi za 1 kwa 50,000 zilizochorwa kutokana na picha za ndege, kazi iliyofanywa na ofisi ya upimaji ya makoloni ya Waingereza iliyoanzishwa mwaka 1946, kisha kuendelezwa na Idara ya Upimaji na Ramani ya nchi yetu. Kila karatasi ni dakika 15 kwa dakika 15, yaani kadiri ya kilometa 27 na nusu kila upande, na milimita 1 ni mita 50.

Anayeisoma ramani ya Mjerumani kwa Kiswahili cha leo atapotea njia mapema. "Muansa" ni Mwanza: u mbele ya irabu ni w, na s katikati inasomwa z. "Schirati" ni Shirati. "Dj" ni j yetu, "tsch" ni ch, na j yao ni y yetu. Soma jina kwa sauti mara tatu ukifuata kanuni hizo kabla hujasema kijiji hakipo. Majina ya ghuba nayo yamebadilika. Speke, mpelelezi Mwingereza aliyeliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858, aliuita mkono wa maji unaoingia kusini Jordans Nullah. Ramani zilizofuata ziliandika Smith Sound. Sisi tunasema Ghuba ya Mwanza, na ndiyo inayovukwa na daraja jipya la Kigongo na Busisi. Ghuba ya mashariki, inayoitenga Ukerewe na pwani ya Magu, ndiyo pekee iliyobaki na jina la Speke.

Jingine kuhusu majina: wapimaji wa kwanza waliuliza "hapa ni kwa nani?" wakaandika jina la mtemi au la mwanangwa, yaani kiongozi wa kijiji chini ya mtemi. Mwanangwa akihama, jina lilihama naye. Ndiyo sababu jina moja linaonekana mahali pawili kwenye ramani mbili, na watu wa vijiji viwili wanagombana wote wakiwa na haki. Vilevile sehemu nyeupe kati ya njia si pori lisilo na watu. Ramani zile ziliungwa kwa kufuata njia alizopita ofisa na dira yake. Asipopita, palibaki peupe. Tumeona hoja za mipaka ya ardhi zikijengwa juu ya weupe huo, na hoja hizo hazina miguu.

Kulaza ramani ya zamani juu ya mpya si kazi ngumu tena, programu ya QGIS ni ya bure na kompyuta ya kawaida inaiendesha. Skani ramani ikiwa imenyooka, nukta 300 hadi 400 kwa inchi. Picha ya simu iliyopigwa kwa mshazari itakusumbua mpaka mwisho. Kwa karatasi ya 1 kwa 50,000 tumia makutano ya mistari ya gridi: pembe nne na mengine manne ya katikati. Kwa ramani ya Mjerumani tumia alama za asili, zisizopungua 8, zilizotawanyika karatasi nzima na zisizopangana mstari mmoja. Chagua rasi za mawe, visiwa vidogo na vilele. Usichague mlango wa mto, kona ya barabara wala ufukwe wa mchanga. Hesabu ni rahisi: maji yakipanda mita 2 na nusu kwenye ufukwe unaopanda mita 1 kwa kila mita 100, mstari wa maji unaingia nchi kavu mita 250. Kwenye miamba ya Capri Point maji hayohayo yanasogea mita chache tu.

Kosa linalowapata hata waliosoma ni hili. Karatasi zetu za 1 kwa 50,000 zimepimwa kwa mfumo wa Arc 1960, na simu inatumia WGS 84, mifumo miwili tofauti ya kutaja mahali kwa namba. Gridi ya UTM, ile mistari ya miraba yenye namba za mita, ni kanda ya 36 kusini kwa zote mbili, namba zinafanana sura, kwa hiyo mtu anachukua namba za kwenye karatasi anazitia kwenye simu. Anafika karibu mita 300 kaskazini ya mahali alipopataka. Mita 300 mjini ni mtaa mwingine kabisa. Watu wamewahi kusema ramani ya mkoloni ni mbovu kwa sababu hii tu. Mwambie QGIS tangu mwanzo kuwa karatasi ni ya Arc 1960, nayo itabadilisha yenyewe. Karatasi za mwanzoni kabisa zilikuwa na gridi tofauti na ya sasa, basi soma maelezo ya pambizoni kabla ya kubofya chochote. Hukohuko pambizoni kumeandikwa mwaka wa picha za ndege. Huo ndio umri wa ramani. Mwaka wa kuchapwa unaweza kuwa miaka mingi baadaye.

Kwa vijiji vya Usukuma, karatasi hizo zina thamani ya pekee kwa sababu picha nyingi za ndege zilipigwa kabla ya Operesheni Vijiji ya 1974. Miji ya Wasukuma, yaani makazi ya kila kaya, ilizungukwa na ua wa minyaa, na kutoka angani ua huo ni duara linaloonekana vizuri. Watu walihamishwa, nyumba zikaanguka, minyaa ikabaki. Ukienda leo na ramani yako iliyolazwa sawasawa utaikuta imekua miti, wakati mwingine nusu duara tu, katikati pamelimwa pamba au mihogo. Hapo ndipo pa kumleta mzee.

Maana kumbukumbu ya mzee haifanyi kazi vizuri sebuleni. Inafanya kazi mahali penyewe, au mbele ya picha. Lakini utaratibu wake una siri. Usianze na picha. Muulize kwanza asimulie mtaa ulivyokuwa, kutoka kona moja hadi nyingine, nyumba kwa nyumba, bila kumkatiza. Kisha mwonyeshe picha. Ukianza na picha, atakisimulia kilichomo ndani yake, na hutajua tena alichokumbuka mwenyewe. Usimwulize "hapa si ndipo lilipokuwa soko?" Kwa adabu yetu atasema ndiyo, tena kwa tabasamu. Uliza "hapa palikuwa na nini?" halafu nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi unamtisha anayeuliza, lakini ndani yake mzee anatafuta.

Usimwulize mwaka. Uliza alikuwa darasa la ngapi, kifungua mimba wake alikuwa amezaliwa au bado, ilikuwa kabla au baada ya mvua za Uhuru, ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ya kuzama kwa MV Bukoba. Akisema "enzi za watemi", ujue ni kabla ya utawala wao kufutwa mwaka 1963. Mwanamke aliyelea watoto saba ana kalenda nzuri kuliko karani, kwa kuwa kila jambo amelifunga kwenye mimba au kunyonyesha. Hata hivyo fahamu kuwa matukio makubwa huyavuta madogo: jambo lililotokea miaka mitatu kabla ya Uhuru huishia kusimuliwa kana kwamba lilitokea wiki ile ya Uhuru. Dawa yake ni kuwauliza watu wawili au watatu, kila mmoja peke yake, wasioshinda baraza moja. Wanaopiga soga pamoja kila jioni wana kumbukumbu moja kati yao wote.

Kama mama anasema kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita, mrekodi kwa lugha hiyo, tafsiri ije baadaye. Majina ya mawe, vijito na malambo yamo kwenye lugha hizo, na yakitafsiriwa papo hapo yanageuka "lile jiwe kubwa". Rekodi kwa simu mbili, moja ikizima nyingine inaendelea. Mwanzoni taja tarehe, mahali na anayesema. Mbali na redio na kuku. Saa moja inatosha, mzee asichoshwe, na kabla ya kuaga muulize nini kichapishwe na nini kibaki kwa wajukuu.

Sasa utunzaji, na hapa tutakuwa wakali. Msilaminishe picha. Watu wanafanya hivyo kwa nia njema kwenye vibanda vya fotokopi, kwa kuogopa unyevu wa ziwa. Joto na gundi huingia kwenye picha na hazitoki tena. Ikichubuka, inachubuka na sura ya marehemu. Unyevu unazuiwa kwa bahasha za karatasi, si za plastiki zinazofungia jasho, ndani ya boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni na mbali na ukuta wa nje. Picha iliyoganda kwenye albamu ya gundi itolewe kwa uzi mwembamba wa kusafishia meno, ukisukwasukwa polepole kutoka kona moja. Iliyoshikana na kioo cha fremu iachwe hapohapo, iskaniwe juu ya kioo. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, huku imelala juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino hupenya, na ya bolpeni huacha mfereji upande wa sura.

Skani kwa nukta 600 kwa inchi, na picha ndogo za sentimita 6 kwa 9 kwa nukta 1,200. Tumia rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu madoa na wino hutenganishwa kwa rangi. Hifadhi faili la kwanza kama TIFF, aina ya faili isiyopoteza ubora, na usiliguse; marekebisho yafanywe kwenye nakala. Nyuma ya picha nayo iskaniwe kila mara, hata ikiwa na muhuri wa studio tu au hesabu ya deni la duka. Usipokuwa na skana, weka picha kivulini karibu na dirisha, simu iwe sambamba nayo, flashi imezimwa. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha inabanwa, na mabango yaliyokuwa yanasomeka yanakuwa ukungu. Picha nyingi zinazozunguka zimebanwa hivyo mara nyingi mno, na dalili ambazo zingetupatia mwaka wake zimeishia humo.

Kwa wanaotaka kulinganisha, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka kwenye intaneti makumi ya maelfu ya picha za enzi za ukoloni wa Wajerumani, na mtu anaweza kuzitafuta kwa neno Muansa. Maelezo yake nayo yasichukuliwe kama msahafu. Yaliandikwa na watu waliokuwa na makosa yao na dharau zao. Jumba la makumbusho la Bujora pale Kisesa, lililoanzishwa na Padri David Clement, lina vifaa vyenyewe vinavyoonekana kwenye picha nyingi: ngoma, viti vya watemi, zana. Kabla ya kuandika "chombo cha ibada" chini ya picha, ni vizuri kwenda kuona kama si kifuniko cha ghala.

Kwa upande wako, Ndugu Mhariri, tunaomba gazeti likichapa picha ya zamani litenge mistari mitatu chini yake. Wa kwanza: kamera ilisimama wapi na kuelekea wapi. Wa pili: kipindi, na dalili iliyotumika, mathalani "si kabla ya 1948, herufi za behewa, si baada ya 1961, usawa wa maji". Wa tatu: picha imetoka kwa nani, kama ameridhia kutajwa. Pasipojulikana paandikwe "haijulikani", na msomaji wa Kitangiri au Mkuyuni anayelifahamu jiwe lililo nyuma ya picha ataandika wiki inayofuata.

Ni sisi wasomaji wako,
Isamilo, Mwanza